Mapumziko ya Bahari kwa Nauli ya Basi



Juma hili naandika juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtashangaa kulikuta mahali hapa, nalo ni likizo ya baharini. Tangu Pasaka nimeulizwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya chini, iwapo mtu mwenye kipato kidogo anaweza kwenda kupumzika pwani siku tano au sita bila kukopa na bila kujidhalilisha. Sauti ile ya chini ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mtu huuliza habari za ada ya shule kwa sauti ya kawaida, huuliza habari za mazishi kwa sauti ya kawaida, lakini akitaka kuuliza habari za kupumzika hutazama kwanza kama yupo mtu anayesikia.

Kwetu sisi neno likizo lina maana yake iliyozoeleka, nayo ni kwenda nyumbani, yaani kijijini kwa wazee. Mtu huondoka Dar es Salaam amebeba sukari, vitenge na bahasha za michango. Akifika hukuta kesi ya mpaka wa shamba inamsubiri, hukaa vikao vitatu vya ukoo, humzika jirani, kisha hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, na mfuko ni mtupu. Sisemi kwamba safari hiyo ni mbaya. Ni wajibu, na wajibu una thamani yake. Nasema tu kwamba huwezi kuiita mapumziko. Bahari, kwa upande wake, tumewaachia wageni. Pwani ya Tanzania Bara ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,400, tangu Tanga hadi Mtwara, lakini wapo watu wazima wa Mbagala na Chanika ambao bahari wameiona kwa dirisha la daladala tu, na wanaamini kwamba mchanga mweupe wa kwenye kalenda ni mali ya hoteli.

Wale mnaoifahamu sura ya sita ya Injili ya Marko mtakumbuka kwamba mitume waliporudi kutoka katika utume wao walikuwa wamesongwa na watu hata wakakosa nafasi ya kula, na Bwana akawataka waende kando, mahali patulivu, wakapumzike kidogo. Kinachonifurahisha katika habari hiyo ni kwamba walikwenda kwa mashua, na kwamba miongoni mwao walikuwamo wavuvi, watu wa jasho. Umati, kama mjuavyo, uliwatangulia kwa miguu, na mapumziko yenyewe yakawa mafupi sana. Mwenye kusafiri na watoto wanne ataelewa.

Miongoni mwa walioniuliza ni mume na mke wa jumuiya moja ya hapa parokiani. Mama ni mshonaji. Mzee aliendesha malori kwa miaka mingi, na sasa goti lake la kushoto halimruhusu tena. Mwezi Oktoba watatimiza miaka 25 ya ndoa. Kwa mwaka mzima wameweka akiba ya shilingi 40,000 kila mwezi katika kikundi cha mtaani, hivyo wana shilingi 480,000. Mtoto wao wa kwanza, kijana mwema na mwenye kuwatunza, alipopata habari alisema waziwazi kwamba fedha hizo zingenunua mabati ya chumba cha nyuma ambacho bado hakijaezekwa. Mama alikuja kwangu, nadhani, ili niseme nani ana haki.

Nilimwambia kwamba kijana ana haki ya kusema, nao wana haki ya kwenda. Chumba kile kimekaa bila mabati miaka minne na kinaweza kukaa mwaka wa tano. Goti la mzee sina hakika nalo kiasi hicho. Kisha tukachukua daftari na kuanza kupanga. Haya ninayoyaandika ni yale tuliyoyajadili, pamoja na yale niliyoyaona mwenyewe katika safari zangu za kwenda Mafia.

Kwa nini Mafia, na si Zanzibar ambako boti ziendazo kasi huondoka kila siku? Zanzibar ni nzuri, na kuna nyumba za wageni za bei nafuu huko pia, lakini mwenye kutafuta utulivu hukutana kwanza na mawakala bandarini, kisha wauza safari za viungo, kisha muziki wa ufukweni. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kisiwa kikubwa kimoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka, mbele ya delta ya mto Rufiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya 66,000. Mji ni mmoja, Kilindoni, na barabara ya lami iendayo Utende ina kilomita zipatazo 14. Jina lake, niseme kwa ajili ya vijana wanaocheka wakilisikia, halina uhusiano wowote na magenge ya Sicily. Kusini mwa kisiwa kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu, wanavua na kulima minazi na mihogo. Hakuna disko la kukesha. Usiku unasikia mawimbi, adhana, na punda.

Jambo la kwanza la kupanga ni majira, wala si fedha. Masika ya Machi hadi Mei hayafai. Wengi mnakumbuka Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kabla ya kudhoofika, na jinsi vyombo vya baharini vilivyositisha safari siku zile. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Hewa ni ya baridi na nzuri kwa kulala, lakini chombo hutikisika na asiyezoea bahari hutapika. Desemba hadi Februari ni kaskazi, jua ni kali na wageni ni wengi. Mimi nawapendekezea Septemba na Oktoba, wakati kusi inakufa na kaskazi haijaanza, kipindi ambacho wazee wa pwani wanakiita maleleji. Oktoba hiyohiyo ndipo papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, huanza kuonekana kwa urahisi mbele ya Kilindoni. Ukubwa wake unatisha, lakini hula viumbe vidogo vya majini na hana haja na mtu.

Aidha, tazameni mwezi kabla ya kuweka tarehe. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani siku za bamvua, maji ya pwani yetu hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa sana katikati ya asubuhi, kiasi kwamba mtu hutembea mbali juu ya majani ya bahari kabla ya kupata maji ya magotini. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na asubuhi huwa na maji ya kutosha kuogelea. Kwa mzee mwenye goti bovu, maji mafu ndiyo bora. Hoteli za gharama humwambia mgeni habari hii kila asubuhi kwenye ubao. Sisi tunaweza kuipata bure kwa kumwuliza mvuvi.

Sasa njia. Ipo ndege, nayo hutua Kilindoni baada ya dakika thelathini hivi kutoka Dar es Salaam, lakini nauli ya kwenda tu ingemeza sehemu kubwa ya akiba ya wenzetu hawa. Njia ya watu wa Mafia wenyewe ni basi na chombo cha majini. Unakwenda Mbagala Rangi Tatu mapema alfajiri na kupanda basi la Barabara ya Kilwa: Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, hadi Bungu. Hapo njia ya Nyamisati inaiacha barabara kuu na kuelekea mashariki, kilomita takriban 40, kati ya mikorosho na minazi, hadi mahali ambapo ardhi yenyewe huanza kuwa tope na mikoko. Ulizeni basi linalofika Nyamisati moja kwa moja. Lipo, na ni bora kuliko kuteremka Bungu na mizigo na kuanza kupatana bei na bodaboda.

Mama aliposikia jina la wilaya ya Kibiti alinyamaza. Sikumshangaa. Mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na kwa muda ule watu waliogopa kupita huko baada ya jua kuzama. Miaka imepita, mabasi yanapita, wafanyabiashara wa samaki na nazi wanakwenda na kurudi. Hata hivyo, nawashauri kusafiri mchana, kama ninavyomshauri kila mtu katika barabara yoyote ya nchi hii, kwa sababu ya malori yasiyo na taa.

Nyamisati ndipo mahali pa kuwa makini, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2008 nilifika pale saa tisa alasiri. Hapakuwa na gati; abiria walibebwa mgongoni au walitembea katika tope hadi kwenye boti za mbao zenye mashine, na boti hizo ziliondoka maji yalipojaa, hata kama yalijaa saa nane za usiku. Boti iliyokuwa ikipakia siku ile ilikuwa tayari na magunia ya saruji, magodoro, kuku, jeneza tupu, na watu wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Maji ya mto yalikuwa yamebakiza shibiri moja kufika ukingoni mwa boti, nayo bado ilikuwa inapakia. Nahodha aliniita kwa heshima zote, akanionyesha nafasi juu ya saruji. Nilimwambia nitangoja ya kesho. Mzee mmoja wa pale alinipa mkeka katika baraza yake na chai ya tangawizi, akaniambia kwamba anayengoja hufika vilevile. Boti ile ilifika salama, namshukuru Mungu, na waliopanda walinicheka kidogo nilipowakuta Kilindoni siku ya pili. Nami sikujali. Chombo kilichofika salama jana kikiwa kimezidiwa hakikuthibitisha kitu chochote kuhusu kesho.

Nchi hii imekwisha kujifunza somo hilo kwa misiba mikubwa. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Kivuko MV Nyerere kilipinduka hatua chache kutoka Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu. Katika misiba kadhaa ya namna hii, watu waliokuwamo walizidi sana wale ambao chombo kiliruhusiwa kuwabeba. Wengi wao walikuwa watu waliotaka kuokoa siku moja au shilingi elfu chache.

Tangu wakati ule wa mkeka mambo yamebadilika sana. Serikali imejenga gati Nyamisati, na kivuko MV Kilindoni cha TEMESA kimeletwa kwa ajili ya njia hiyo. Zipo pia boti nyingine za abiria. Ratiba hutegemea maji, na vivuko hupelekwa matengenezo, kwa hiyo pigeni simu siku moja kabla na mwulize wakala au mtu mnayemfahamu Kilindoni kama chombo kipo safarini. Mkifika, andikisheni majina yenu kamili katika orodha ya abiria. Msikubali kupanda bila kuandikwa. Ombeni jaketi la kuokolea maisha na mlivae, hata kama vijana watawacheka. Sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku ile. Na chombo kikionekana kimezidiwa, rudini nyuma. Chakula mnaweza kubana, chumba mnaweza kubana, ila msibane hapa. Ndiyo sababu katika daftari letu niliwaomba waandike shilingi 50,000 za akiba zisizo na kazi yoyote, ili wawe na uwezo wa kulala Nyamisati usiku mmoja bila kuhesabu hasara. Maskini hupanda chombo kibovu, mara nyingi, kwa sababu fedha aliyo nayo haina nafasi ya kungoja.

Safari ya maji huchukua saa tatu, nne au zaidi, kutegemea chombo na bahari. Sehemu ya kwanza ni ndani ya delta, kati ya mikoko mirefu ya kimya, na ni nzuri kuliko watu wanavyotarajia. Katika mikono ya delta hii meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwa miezi mingi katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliiteka Mafia mwezi Januari 1915 na kurusha ndege zao kutoka huko ili kuitafuta, na tarehe 11 Julai 1915 meli hiyo ikaangamizwa. Mzee wetu, aliyependa habari za injini maisha yake yote, alinitaka nimsimulie habari hiyo mara mbili.

Kilindoni si pwani ya kalenda. Ni pwani ya kazi: dagaa wameanikwa, majahazi yanapakua saruji, watoto wanacheza mpira juu ya mchanga wenye magamba ya samaki. Wengine huikimbia haraka kwenda Utende kwenye hoteli za wapiga mbizi. Mimi naipenda, na kwa mwenye fedha kidogo ndiyo mahali pa kulala, kwa maana nyumba za kulala wageni zipo mjini, safi na za bei ya kawaida, zenye feni na chandarua. Kabla ya kulipa kagueni chandarua kama hakina matundu, na mwulize bei ya usiku tano badala ya bei ya usiku mmoja. Tawi la benki ya NMB lipo, na huduma za fedha za simu zipo, lakini chukueni fedha taslimu ya kutosha kwa siku mbili, kwa sababu mtandao nao una kupwa na kujaa kwake.

Chakula ni sehemu rahisi ya hesabu. Kwa mama ntilie kuna wali wa nazi na samaki, pweza, mihogo, maharage, na asubuhi vitumbua na chai. Katika daftari tuliandika shilingi 120,000 za njia kwa wote wawili, kwenda na kurudi. 160,000 za malazi ya usiku tano. 110,000 za chakula. 40,000 za kuzungukia kisiwa. Na ile 50,000 ya kungojea bahari. Bei hubadilika, kwa hiyo msizichukue tarakimu hizi kama orodha ya bei. Chukueni namna tulivyogawa, kisha ulizeni bei za wakati wenu.

Kuzunguka kisiwa hakuhitaji gari la kukodi. Zipo daladala, bajaji na bodaboda, na baiskeli hukodishwa. Daladala za Utende hungoja zijae, na mtu asiye na haraka hupata humo mazungumzo bora kuliko ya mtembeza watalii yeyote. Utende kuna lango la hifadhi, na ada ya raia ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa nje; bebeni kitambulisho cha taifa ili msipate usumbufu wa kujieleza. Kutoka Utende mashua huvusha watu kwenda Chole, kisiwa kidogo mbele yake, kwa muda mfupi. Panda ile wanayopanda wenyeji wanaotoka sokoni.

Chole ndipo ningewapeleka wale wawili siku yao ya kumbukumbu. Hapo palikuwa makao ya utawala tangu enzi za Waarabu wa Omani, na Wajerumani nao wakakaa hapo kabla ya kuhamia Kilindoni. Mizizi ya miti imeshika kuta za majengo yao na gereza lao kama vidole. Popo wakubwa walao matunda hulala juu ya miti mchana kutwa, wakipepea mbawa kama wazee wenye joto. Mafundi hujenga majahazi kwa shoka, tezo na keekee, bila mchoro wa karatasi. Kisiwa kinacholinda ghuba upande wa bahari kuu ni Juani, chenye magofu ya Kua, mji ambao simulizi za wenyeji husema uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kufika Kua kunahitaji maji yaliyojaa na mashua ya kukodi, na mwendo wa miguu juu ya mawe. Kwa goti la mzee nimeuondoa katika mpango. Vivyo hivyo safari ya kuwaona papa potwe: mkipata watu sita au wanane wa kuchangia mashua, nendeni, msiwaguse wale samaki, mfurahi. Msipopata, msihuzunike.

Katika Chole hiyohiyo kuna mabaki ya hekalu la Wahindu, na kila nikipita hapo humkumbuka padre mwenzangu aliyesoma Pune, India. Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Gujarat na Kutch katika pwani hii, na wafanyabiashara wao wakakaa. Mwenzangu huyo alinisimulia jinsi familia za kawaida za kule zinavyokwenda baharini Goa: wanapanda behewa la kulala la daraja la kawaida katika reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, wamebeba chapati na viazi vya kukaanga katika vyombo vya bati, wanashuka kituo kidogo kama Canacona na kumalizia safari kwa basi la serikali au kwa miguu hadi ufukwe wa Palolem. Mito ya Goa huvukwa kwa vivuko, na atembeaye kwa miguu havilipii. Karani wa posta, mkewe, mama mkwe na watoto hukaa siku nne, huingia majini na nguo zao zote, hula samaki, na kurudi. Hakuna anayewauliza kama wameota utajiri. Nilipomsimulia mama habari hii, aliuliza swali moja tu: viazi vile hukaa siku ngapi bila kuharibika?

Neno juu ya mwenendo. Mafia ni kisiwa cha Waislamu kwa sehemu kubwa, nasi tunakwenda kama wageni katika nyumba ya jirani. Wanawake wabebe kanga za kutosha, za kuvaa mjini na za kuingia nazo majini. Wanaume wasitembee vifua wazi sokoni. Pombe si ya kubeba mkononi barabarani. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, kuleni ndani mchana, na mkialikwa kufuturu msikatae. Salimieni kwanza, ulizeni baadaye. Mzee apewe shikamoo yake hata kama amevaa shati lililochanika. Nimeona watu wa mjini wakipandishiwa bei na kulalamika kwamba ni wizi, kumbe walianza mazungumzo kwa kuuliza bei kabla ya kuuliza hali.

Jambo lililomsumbua mzee kuliko yote halikuwa fedha wala bahari. Aliniuliza atafanya nini huko mchana kutwa. Miaka 38 hakuwahi kukaa siku mbili mfululizo bila kazi, na hata sasa akiwa hana lori huamka saa kumi za alfajiri kwenda kufagia uwanja. Swali lake ni zito, wapendwa, na sikuwa na jibu la kumfundisha. Nilimwambia tu yale ninayoyafanya mimi. Asubuhi naenda pwani kuangalia ngalawa zikirudi. Nasaidia kuvuta kamba, kama wakiniruhusu. Nakunywa kahawa kwenye baraza. Mchana nalala. Alasiri natembea hadi jua linapozama upande wa Rufiji, maana Kilindoni inatazama magharibi, na mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kuona jua likichomoza baharini hushangaa kuliona likizama humo. Siku ya kwanza mikono huwasha kwa kukosa kazi. Siku ya tatu haiwashi tena. Mkewe, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema yeye atachukua sindano na kitambaa kimoja, kimoja tu.

Kuhusu kurudi, fanyeni kama ilivyo wakati wa kwenda, ila ongezeni siku moja. Bahari haifahamu siku yako ya kuripoti kazini, na chombo cha Ijumaa kinaweza kuwa cha Jumamosi. Mwenye kazi Jumatatu asiweke safari ya Jumapili. Kijana wao, baada ya kuiona hesabu, amesema atawasindikiza hadi Rangi Tatu na kubeba begi, ingawa suala la mabati hajalifunga. Anayetaka kuinakili hesabu hiyo aje ofisini Jumanne au Alhamisi jioni. Mama ameruhusu ionyeshwe, isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao ni orodha yake ya nguo.